Nikishajua kushona, nitamshonea nani? Miaka yangu sita ya unesi Nyarugusu

Niliingia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, mwishoni mwa mwezi wa tano 2015 na mkataba wa miezi mitatu, nikatoka 2021. Ndo mikataba ya dharura hiyo, unaambiwa mitatu alafu inazaana. Nilikua nesi nina miaka miwili tu toka chuo, mzaliwa wa Kasulu huko huko, toka kwetu mpaka kambini ni basi moja tu lakini sikuwahi kuingia ndani. Kwetu kambi tuliijua kama sehemu yanakotoka mafuta ya kula ya bei rahisi, na mama alikua anatukataza kuzurura upande ule eti tutadhaniwa wakimbizi. Kwaiyo nimekua jirani na watu hawa tangu niko darasa la kwanza na nilikua sijui kitu chochote kuwahusu, kitu ambacho leo naona aibu kukisema.

Kama ulikua mdogo kipindi kile, 2015 Burundi iliwaka baada ya rais wao Nkurunziza kutangazwa kugombea muhula wa tatu, watu wakakimbilia kwetu, wengi wakakwama Kagunga pale kijijini kando ya ziwa ambako hakukua hata na barabara ya maana, kipindupindu kikaingia, ikabidi MV Liemba, ile meli ya tangu enzi za Mjerumani, iwe inawasomba kuwaleta Kigoma mjini, wanashukia uwanja wa Lake Tanganyika alafu mabasi mpaka Nyarugusu. Kambi yenyewe ilikuwepo tangu 1996 kwa ajili ya Wakongo wa Kivu Kusini, watu wa Fizi na Uvira huko, zaidi ya elfu 50, na ndani ya miezi michache idadi ikapita mara mbili. Wageni walilazwa makanisani na kwenye madarasa. Hapo ndo kitu cha kwanza nilichokiona kwa macho: mtoto wa Kirundi akipata pa kulala, mtoto wa Kikongo amekosa pa kusoma. Sisi wa afya tukawa tunashangilia tumepata majengo yenye bati, walimu wanatuangalia tu.

Siku ya kwanza zamu, mama mmoja wa Kikongo akaniita "munganga". Nikanuna kweli, maana mi kwetu ukiniita mganga nawaza tunguri na kitambaa chekundu, nikamwambia mama mimi nesi sio mganga, akanijibu ndiyo munganga, nikarudia, akarudia, mpaka mhudumu mmoja akanivuta pembeni akaniambia sista hao kwao munganga ni daktari, amekupandisha cheo we unakataa. Warundi nao wakaniita muganga hivyo hivyo. Basi nikawa mganga mpaka leo, kuna watu kwenye simu zao wamenisevu hivyo.

Ila la lugha halikuishia kwenye kuchekesha. Mi ni Muha, na Kiha na Kirundi ni kama ndugu wa tumbo moja, ukiongea taratibu mnaelewana. Wiki za mwanzo nilificha. Sijui niseme nini, ujana, nilitaka nionekane mtu wa mjini, na pia ofisi ilikua imeajiri vijana wa kutafsiri na mi nikaona sio kazi yangu. Sasa ikaja siku dada mmoja wa Kirundi, anatetemeka, anaongea kwa sauti ya chini huku anaangalia ukuta, na mtafsiri ni kijana wa miaka kama 18 hivi, anatafsiri "tumbo linamuuma, limeanza jana". Kipindi kile cha kipindupindu ukisema tumbo kila mtu mawazo yanaenda kuhara, mwenzangu akaanza kuandika ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa mtu anayehara. Mi nilikua nimesikia neno "inda". Na kwetu inda ni tumbo na ni mimba pia. Nikamtoa yule kijana nje, nikafunga pazia, nikamsalimia yule dada kwa Kiha cha bibi yangu. Alilia kwanza kabla ya kujibu. Mimba ilikua inatoka, na alishatokwa damu nyingi, alikua amejifunga kanga mbili ndani asichafue benchi. Yule kijana hakukosea kitu, neno lenyewe lina maana mbili, na yule dada asingeweza kumtajia kijana wa umri wa mdogo wake mambo ya damu. Aliyekosea ni mimi niliyekaa wiki tatu na lugha mdomoni nimeifungia kama hela ya kibubu.

Baada ya hapo niliomba wamama watu wazima wawe watafsiri kwenye chumba cha wanawake, ikachukua miezi kukubaliwa maana tangazo la kazi lilitaka cheti cha shule na wamama wengi hawakua nacho. Tukazunguka, tukawaweka kama wahamasishaji wa afya. Wale vijana wakabaki mapokezi.

Malaria ndo ilikua mkate wetu wa kila siku. Kuna watu wanadhani kambini watu wanakufa kwa magonjwa ya ajabu, hapana, ni malaria, nimonia, kuhara, na watoto kuzaliwa kabla ya wakati. Ukipima tone la damu wodini asubuhi ya masika unaona vipimo vinachora mistari miwili miwili kama daftari. Dawa mseto tulikua nazo, tatizo hema. Neti unaifunga wapi kwenye hema la turubai la watu nane? Tunagawa neti, tunapiga picha, tunaondoka, jioni neti imefungiwa kuku au imefunika mche wa mchicha, alafu kwenye kikao tunalaumu "uelewa mdogo wa jamii". Mi mwenyewe nimeandika hiyo sentensi kwenye ripoti, nikome. Siku nilipoombwa kulala kwa mama mmoja mhamasishaji (sikulala, sheria hairuhusu, ila nilikaa mpaka saa kumi na mbili jioni kujaribu) tulifunga neti mara nne na kila mara nguzo ya hema inaegemea.

Na wagonjwa wetu hawakua wakimbizi tu. Watanzania wa Makere na vijiji vya jirani walikua wanajaa pale, wanatibiwa bure. Shangazi yangu mwenyewe alijifungulia kambini! Yule yule wa kusema wakimbizi wanamaliza kuni.

Sasa 2017. Mwezi wa nane mgao wa chakula ulishuka mpaka kama asilimia 60 ya kiwango, hela za wafadhili hazikutosha. Ule mradi wa kuwapa watu fedha taslimu badala ya unga nao ulisimamishwa mwaka huo huo. Mi nilikua kitengo cha lishe, kazi yangu ni kupima mkono wa mtoto kwa kile kitepe cha rangi tatu, nyekundu anapewa chakula dawa, njano unga wa lishe, kijani hongera mama nenda nyumbani. Na kabla hawajaondoka nawapa somo: mlo kamili, yai moja kwa siku, matunda, samaki dagaa. Nilikua na bango zuri sana lenye picha ya kuku. Mama mmoja mtu mzima wa Kirundi, mtaratibu kabisa, akasubiri nimalize akauliza, "Mwanangu, hayo mayai mnagawa dirisha gani?" Watu walicheka, na mi nilicheka, alafu usiku sikulala. Maana nilikua nawapa elimu wasiyo na pa kuitumia, wanabeba lawama tu, yaani mtoto akikonda inaonekana mama hakusikiliza somo.

Nililikunja lile bango. Tukaanza vitu vya kijinga kijinga tu: maji ya kuoshea vyombo yamwagwe kwenye gunia lenye udongo, gunia limetobolewa pembeni, mchicha unatoka kila tundu. Njegere za mgao loweka usiku zipunguze kuni. Kuni jamani ni hadithi nyingine, wanawake walikua wanazifuata mbali nje ya kambi na waliyokutana nayo huko tuliyaona wodini kwetu, sitaandika hapa. Kumwambia mama aloweke njegere ni somo la lishe, lakini pia linampunguzia safari moja ya porini kwa wiki. Hilo sikufundishwa chuo.

Shule niliingia kwa mlango wa dawa za minyoo. Tunaenda na vidonge, mwalimu anasimamisha darasa, watoto mia na kitu wako chini ya mti, mwingine amekalia tofali lake analokuja nalo toka nyumbani na kurudi nalo, asiliache litaibiwa. Wakongo wanasoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa, Warundi mtaala wa Burundi, mitihani ya kwao. Mi kama Mtanzania nilikua na jibu langu mapema sana: kwanini wasisome mtaala wetu? Mtoto kazaliwa Kigoma, Kiswahili anaongea kuliko mimi, anakaririshwa majimbo ya Kongo ambayo hajawahi kuyaona hata kwenye ndoto. Nikamuuliza mwalimu mmoja wa kemia, mzee wa Uvira, wanafunzi wanamuita papa mwalimu. Akanijibu na yeye kwa swali, kwamba siku serikali yenu ikisema rudini kwenu, huyu mtoto atafika Uvira na cheti cha nani? Msimamo wa nchi ni kwamba hawa ni wa kurudi, kwaiyo wasomeshwe kama watu wa kurudi. Nikanyamaza. Ila alafu akaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba yeye ameshafundisha wanaosubiri kurudi kwa karibu miaka 20.

Sikupata jibu na sina mpaka leo. Nilimuona kijana wake mmoja aliyefaulu ule mtihani wa taifa wa Kongo wa kumaliza sekondari, kichwa haswa, nikasema huyu aende chuo cha uganga hapa hapa Kigoma, nikazunguka na vyeti vyake mwenyewe. Cheti kwa Kifaransa, kinahitaji kulinganishwa, ada ya mgeni, na kutoka tu nje ya kambi anahitaji kibali, ukionekana umepita kilomita 4 toka kambini bila karatasi unalala ndani. Akaishia kuwa mhamasishaji wetu wa afya, kwa ile wanayoiita insentivu, maana mkimbizi halipwi mshahara, anapewa insentivu, na ukikaa meza moja na mtu mnafanya kazi ile ile yeye anapata kahela ka chumvi we unapata mshahara na posho ya mazingira magumu, chai haishuki vizuri.

Huyo kijana tulimfundisha kila kitu: kupima, kuandika rejista, kusoma grafu ya uzito, kutambua dalili za hatari kwa mjamzito. Miaka miwili. Alafu jina likatoka ubaoni la kuhamishiwa Marekani, familia nzima, ndani ya miezi wakapanda basi la IOM, shirika la uhamiaji. Wakongo wengi walikua wanaondoka hivyo miaka ile, na wanaopata upesi mara nyingi ni hao hao ulioshawazoea. Mwaka mmoja niliwapoteza watatu kati ya wanne niliowafundisha. Nilikasirika, nilisema nimefundishia wenzangu. Bosi wangu akatoa wazo tusifundishe mtu mwenye kesi ya kwenda nje, na mi, Mungu anisamehe, nilikubali kwa wiki nzima hivi. Mama mmoja mkunga wa jadi wa pale ndo alinirudisha, aliniambia "ukimunyima kujua sababu ataenda, basi na weye usisome, sababu utakufa". Kavu kavu hivyo.

Tukabadilisha namna. Hakuna mtu anajifunza peke yake, wanajifunza wawili wawili, mmoja akiondoka anabaki mwenzake, na kila kitu kinaandikwa kwenye kaunta buku kwa Kiswahili chepesi, sio kile cha miongozo ya wizara chenye maneno ya kuvunja taya. Lile kaunta buku lilishika mikono sita hivi mpaka naondoka. Yule kijana alinipigia baadae WhatsApp, yuko kiwanda cha nyama, zamu ya usiku. Nikamuuliza na afya je, akasema sista huku nikisema nilikua munganga wanacheka. Lakini mtoto wa jirani yake Mkongo alipobanwa kifua ni yeye aliyehesabu pumzi akasema hii sio ya kusubiri asubuhi. Nilifurahi sana.

Sasa ufundi, ambako nilivutwa tu maana walitaka mtu wa afya kwenye kamati. Mradi wa kuwafundisha kina mama na vijana ushonaji, useremala, sabuni, mikate. Ushonaji ulipendwa kuliko vyote, cherehani za kukanyaga kwa mguu zimepangwa kwenye jengo la mabanzi, miezi sita unapata cheti. Kwenye mkutano wa kuandikisha watu alisimama mzee mmoja fundi, Mkongo, ameshona tangu Uvira kabla ya vita, akasema kwa ile Kiswahili yao, "Miye najua kushona. Na hawa batoto mutawafundisha, watajua. Sasa nikishajua, nitashonea nani?" Afisa wa mradi akajibu kitu kuhusu kujengewa uwezo. Mzee akakaa.

Na alikua sahihi kuliko makaratasi yetu yote. 2018 hivi mpaka 2019 mambo yalibana, masoko ya pamoja ambayo Wakongo, Warundi na wanakijiji walikua wanauziana yakaanza kufungwa, biashara ndani ya kambi ikawa ya kuibia, na nje huruhusiwi kwenda. Tunatoa mafundi 40 kwa awamu moja kwenye sehemu ambayo wateja hawana hela, soko limefungwa na kila mtu ni fundi. Cherehani zenyewe mali ya mradi, ukihitimu unaiacha. Unapewa cheti na pasi ya mkaa, basi! Nilishuhudia mhitimu mmoja amekifunga cheti chake kwenye nailoni ameshindilia kwenye paa mvua isipite. Kwa kazi hiyo kilifaa.

Kitu kimoja tu kilichofanya kazi, na kilianza kwa makosa. Wasichana wa shule walikua wanakosa masomo siku za hedhi, na sisi wa afya tulikua na bajeti ya kununua taulo za kike za dukani kutoka mjini. Nikasema kwanini tusinunue kwa mafundi wetu, pedi za kufua? Mzee fundi akachora, kina mama wakashona za kwanza mia mbili, tukagawa. Zilirudi karibu zote. Kitambaa kilikua cha nailoni kinateleza hakinyonyi, halafu kilikua cheupe. Nani aanike pedi nyeupe kwenye kamba mbele ya hema analolala na baba na kaka zake? Wasichana walikua wanazianika chini ya godoro, zinabaki mbichi, wanapata muwasho, wanakuja kwangu. Mi nesi, nimewatengenezea ugonjwa. Ikabidi tukae na wasichana wenyewe, walimu wa kike na mzee fundi (alikataa kukaa mwanzoni, akakaa amegeuza mgongo, jamani nilicheka), wakaamua rangi nyeusi na ya damu ya mzee, kitambaa cha pamba ndani, na muundo ukiufungua unaonekana kama kitambaa cha kupangusia meza. Ukikianika hakuna anayejua. Hizo zilikaa. Shule ikapata wasichana wake, zahanati ikapunguza wagonjwa, na kina mama wakapata mnunuzi ambaye hahitaji kibali cha kutoka kumfuata, ambaye ni sisi. Mnunuzi mmoja tu lakini. Bajeti ilipokatwa mwaka uliofuata, oda ikafa, na kina mama wakaniuliza kosa lao liko wapi, kazi si ilikua nzuri? Ilikua nzuri.

Warundi walikua wameanza kurudi kwao tangu Septemba 2017, kwa misafara, na miaka iliyofuata nikawa naaga watu kila baada ya wiki. Baadhi wa wale mafundi waliondoka bila cherehani lakini na ufundi kichwani, mmoja ananitumia picha mpaka leo, kakodi kibaraza sokoni kwao anashona sare za shule. Kwaiyo siwezi kusema mafunzo yalikua bure. Kwa aliyeondoka yalikua mtaji. Kwa aliyebaki yalikua cheti juu ya paa. Darasa moja, mwalimu mmoja, cherehani ile ile.

Mzee fundi alibaki. Aliposikia naondoka aliniomba kipimo, akanishonea gauni la kazi kwa kitambaa nilichonunua Kasulu, anashona usiku kwa tochi maana mchana mashine ilikua haitakiwi kuonekana nje. Nikampa hela akahesabu mbele yangu taratibu, akaniambia "huyu njo muteja wangu wa kwanza wa mwaka huu mwenye kulipa yote mara moja". Ilikua mwezi wa nne.

Sasa hivi niko zahanati ya serikali, mkoa mwingine. Mwaka juzi walikuja watu wa mradi mmoja na gari safi, wanataka kufundisha mabinti wa kijiji hiki kutengeneza sabuni, wakaniomba niwe kwenye kamati. Nikawauliza sabuni itanunuliwa na nani, na hapa kila duka linauza sabuni ya kiwanda kwa bei ya kutupa, na mabinti wakihitimu vifaa wanaondoka navyo au vinabaki stoo? Waliandika yote kwenye daftari wakasema ni maswali mazuri sana, watanipigia.

Hawajapiga.